Mkono Kwenye Dirisha la Pikapu

Jikoni hatukuwaona watu, tuliona mikono. Dirisha la kupitishia chakula lilikuwa dogo, na magari yalisimama karibu nalo, basi ukitazama nje unachokiona ni mlango wa gari, kiwiko kimeegemea, na vidole vinagonga bati kwa kungoja chai. Kwa miaka saba niliwajua vijana wa Ibra, mji wetu huku Oman, kwa mikono yao. Huyu ana saa ya kaka yake, huyu kucha kazitafuna, huyu grisi haimtoki hata siku ya Idi. Majina yao wote nilikuwa nayo, na ninayo mpaka leo, pamoja na ya baba zao na bibi zao, wenyeji wa mji, waliotoka Unguja na Pemba, na wale waliotoka Kigoma na Bujumbura. Watu wakitaka kujua nani kazaliwa na nani huja kwangu. Hapa siandiki hata jina moja. Wengine wako hai, na wana watoto.

Mahali penyewe palikuwa nje ya mji, njia ya kwendea Sur. Mume wangu alikuwa dereva wa serikali tangu tulipofika Oman, miaka ya sabini mwanzo, mpaka mgongo ukamshinda. Akajenga chumba cha matofali, bati juu, na mbele kiwanja kitupu cha changarawe. Meza hakuweka hata moja. Nilimwambia, "Bwana wee, watu watakula wamechutama?" Akanijibu, "Mwarabu wa hapa hali mbele ya njia. Gari ndiyo majlisi yake, chumba chake cha wageni." Na kweli. Kijana akija na dada zake hawashuki, vioo viko juu, wanakula humo humo na hakuna anayewaona. Juu ya mlango tuliandikisha kwa Kiarabu kuwa ni kafiteria, lakini vijana walipaita Honi. Honi moja, chai. Mbili, chapati ya mayai. Tatu, njoo uchukue sinia lako. Alhamisi baada ya alasiri walikuja mpaka kutoka Mudhaibi, na kelele zile ungesema kuna harusi.

Walikipenda sana kiwanja kile. Nikikutana nao leo, wazee wenye ndevu nyeupe, wananiambia, "Mama, chapati zile hatujazipata tena." Nacheka nao. Wao wanakumbuka chapati. Mimi nikisikia honi, hata ya gari la taka, naukumbuka mkono mmoja.

Lazima nirudi nyuma kidogo, ama sivyo hamtanifahamu.

Siku za fujo Unguja, sisi wanawake na watoto tulikusanywa ndani ya skuli moja. Binti yangu alikuwa na miezi miwili. Jirani yangu wa mkeka alikuwa mwanamke wa shamba nisiyemjua, ana mtoto mwanamume wa siku ishirini hivi. Homa ilimkamata na maziwa yakamkauka. Mtoto akalia mpaka sauti ikamwisha, akawa anafungua mdomo tu. Nikamchukua. Binti yangu ziwa la kulia, yeye la kushoto. Siku tisa. Na kwa kuwa alizaliwa na kidole cha sita, kimening'inia kando ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nikachomoa uzi wa kijani kwenye kofia niliyokuwa nikishona, nikakifunga kama tulivyofanya kwetu, mpaka kikakauka kikaanguka. Kikabaki kinundu kama punje ya mtama.

Mtoto hakuwa na jina. Mama yake alisema jina atalitoa baba yake akirudi. Na hata jina lake mwenyewe alilonipa, nilikuja kujua si lake. Siku zile watu waliogopa majina yao. Siku ya kumi likaja lori, wakatolewa baadhi, na yeye na mwanawe wamo. Sikuwaona tena. Katika watu wote waliopita mbele ya macho yangu, yule mmoja ndiye sikuwa na jina lake.

Sheria ya dini yetu kila mtu anaijua. Walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani.

Binti yangu alipomaliza skuli alikaa na mimi jikoni. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwepesi wa mkono, mcheshi, na baba yake akipenda kumchokoza kwenye lile dirisha.

"Chai nne! Moja bila sukari, ya yule mwenye mapenzi!"

"Baba nawe! Wasikusikie."

"Wasikie. Mwenye mapenzi nimesema mimi, si wewe. Kwani umejiona?"

Halafu ikaanza ile honi. Mbili fupi, anasita, kisha moja. Mara ya kwanza sikuitia maanani. Mara ya tatu nikaona binti yangu ameshavunja yai kabla baba yake hajaleta neno.

"Mbona umevunja yai? Nani kaagiza?"

"Kaagiza, mama. Hukusikia?"

Nilisikia. Na moyo wangu haukupenda, lakini nilidhani ni ile hofu ya kila mama mwenye binti. Nikaenda dirishani nimwone ni nani.

Ilikuwa pikapu ya rangi ya maziwa. Mkono wa kushoto umelala juu ya mlango, mwembamba, safi, umetulia. Kando ya kidole cha mwisho kulikuwa na kinundu kama punje ya mtama.

Chapati iliungua juu ya chuma. Binti yangu ndiye aliyenivuta pembeni. "Mama, unaumwa?" Nikamwambia moshi umeniingia machoni.

Nikajitafutia maneno. Watu wenye kidole cha sita ni wengi. Unguja nzima walifungwa uzi. Nikamuuliza binti yangu jina la kijana, kama mtu asiyejali, akanitajia, yeye, baba yake, babu yake, na kabila. Halikuwa jina ninalolijua. Nikashika hilo. Nikasema mimi majina hayanipotei, na hili sinalo, basi siye. Angalieni nilivyojidanganya. Yule mtoto hakuwa na jina la kunipotea.

Miezi ikapita. Kila Alhamisi honi ile ilikuja, mbili fupi, anasita, kisha moja, na kila ikija nilihisi kama mtu amesimama nyuma ya shingo yangu. Sikumwambia mtu. Jua la mwezi wa sita likapiga bati mpaka likawa linalia lenyewe, ta, ta, na mimi nikiruka nikidhani kuna mtu juu. Mume wangu akasema nimekonda. Binti yangu aliimba.

Mara posa ikaja.

Mume wangu na binti yangu waliikubali kabla sijapata kupumua. Kijana ana kazi Maskati, mtu wa sala, Mswahili mwenzetu, mume wangu ataka nini tena? Mama yake alikuwa ameshafariki tangu yeye mdogo, Dubai, na aliyemlea ni shangazi yake. Shangazi alikuja kwetu na wanawake wengine, mwenye sauti kubwa na marashi mengi. Nikamkalisha karibu yangu. Nikamkaribisha halua.

Nikamuuliza, "Kile kinundu cha mkononi mwake, kazaliwa nacho?"

Akacheka. "Bibi wee, macho yako makali! Kilikuwa kidole kizima hicho. Marehemu wifi yangu alikuwa akinihadithia. Kuna mwanamke alimfunga uzi, siku walizowekwa skuli. Uzi wa kijani, kauchomoa kwenye kofia. Wifi yangu alimwombea dua yule mwanamke mpaka anakufa, na jina lake hakulijua."

"Na habari nyingine za huko skuli hakukuhadithia?"

"Hakupenda kuyataja. Ukimuuliza analia. Mimi sikuwapo, nilikuwa Mombasa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Wangapi katika dunia walijua? Mimi. Yule mwingine alikuwa kaburini.

Nilimwambia mume wangu siku ya pili, asubuhi, kabla hatujafungua. Alikuwa anajaza maji kwenye birika kubwa. Akalijaza mpaka likafurika na yeye ananitazama.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi na mimi sikukusikia."

"Na Mungu?"

"Mungu anajua siku zile ulikuwa nusu ya akili, kwa njaa na hofu. Umechanganya."

"Uzi wa kijani, bwana."

"Kofia ngapi zina uzi wa kijani?" Akafunga mfereji. "Mbuzi wa harusi nimeshazungumza na wenyewe. Watu wameshaalikwa mpaka Nizwa. Mtoto huyu akivunjiwa harusi, kila mtu atauliza ana nini. Kaa kimya, nakuomba."

Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu watoto wangu watasoma. Alikuwa anaogopa kama mimi, ila yeye hofu yake ilimfunga mdomo, na mimi yangu ilinifunga mdomo pia, kwa wiki tatu. Wiki tatu nilimtazama binti yangu akipanga nguo kwenye sanduku. Nikafanya hesabu ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Nikawaona usingizini, wote hawana majina, wanafungua midomo bila sauti.

Alhamisi ya mwisho kabla ya wiki ya harusi, honi ikapiga. Mbili fupi, akasita. Ile ya tatu ilikuwa haijaja bado na mimi nimeshavua aproni. Nikavaa buibui, nikatwaa sinia lenye chai na chapati. Mume wangu alikuwa upande wa pili wa kiwanja, kwenye gari jingine. Akaniona. Katika nyumba yetu mwanamke hajapata kupeleka sinia garini. Alisimama tu na vikombe mkononi.

Kijana akashituka. "Shikamoo mama! Kwa nini unajisumbua wewe?"

"Marahaba, mwanangu." Nikalitundika sinia kwenye mlango, nikaushika mkono wake wa kushoto, nikaweka kidole changu pale kwenye kinundu. "Uzi huu niliufunga mimi."

Uso ukamfunguka kwa furaha. Masikini, alidhani nimemletea habari njema. "Wallahi? Ni wewe? Mama yangu alikuwa akikuombea..."

"Nilikunyonyesha pia."

Akabaki na tabasamu lile lile, halikujua liende wapi. Kwenye gari la jirani kulikuwa na vijana wanacheka na redio yao. Mmoja akapiga honi mara tatu, njoo uchukue sinia.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, "Mara ngapi, mama?"

Kumbe alikuwa anatafuta mlango. Katika dini wapo wanaohesabu, kwamba ikiwa ni mara chache haidhuru. Ningeweza kusema mara moja. Ningeweza kusema mbili.

"Siku tisa. Usiku na mchana."

Akautoa mkono wake kwenye mkono wangu, polepole. Akaliondoa sinia mlangoni mwenyewe, akanipa, halijaguswa. Akarudi nyuma kwa gari mpaka barabarani. Sikumsikia akipiga honi kwa mtu yeyote.

Niligeuka. Binti yangu alikuwa dirishani, yai mkononi. Alikuwa amesikia yote, kwani dirisha lilikuwa karibu kiasi hicho. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikwenda kumwambia kijana kwa kuwa sikuweza kumtazama yeye. Nilidhani atapiga kelele. Aliuliza neno moja tu.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu shangazi yake alipokuja."

Akaliweka yai chini taratibu, lisivunjike. "Na ile chapati iliyoungua?"

Hajauliza tena, na sijamjibu mpaka leo ninapoandika.

Harusi ikavunjika. Shehe alisema ushahidi wa mwenye ziwa unatosha. Watu walisema mengi, wengine wakasema nimetunga kwa sababu nimempatia binti yangu mchumba tajiri zaidi. Mwaka uliofuata binti yangu aliolewa Nizwa na mtu mwema, mtu wa makamo. Vijana waliendelea kuja Honi miaka miwili mitatu, lakini mume wangu hakuwachokoza tena, na jikoni niliajiri mtu.

Yule kijana alirudi mara moja tu. Ilikuwa mchana wa Idi, binti yangu amekuja na wanawe wawili, tumo jikoni. Hatukusikia honi. Tulisikia mlango wa nyuma, ule wa watu wa ndani, na yeye ameshaingia, kwani sasa ilikuwa haki yake. Akanibusu mkono. "Shikamoo mama." Kisha akamgeukia. "Hujambo, dada."

Binti yangu alivuta mtandio juu ya nywele upesi upesi, kama mwanamke yeyote akiingiliwa na mwanamume. Mkono ukasita pale juu. Ndugu hafichwi nywele. Nilimwona akilikumbuka hilo. Akauachia mtandio ukateremka, ukaanguka mpaka mabegani, na akasimama hivyo, kichwa wazi, akimtazama. Na yeye akamtazama. Kiwanjani hawakupata hata siku moja kuonana hivyo, na sasa wanaonana mbele yangu, kwa ruhusa niliyowapa kwa mdomo wangu.

Hakuna aliyefanya kosa. Watoto walikuwa wanacheza miguuni petu. Maziwa ya chai yalichemka yakamwagika motoni na hakuna aliyekwenda kuyaondoa. Sikutoka jikoni mpaka nilipomwona yule kijana ameshika ufunguo wa gari lake.

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, nikamwambia mume wangu atie komeo mlango wa nyuma.