Chawa Waliobeba Mawazo

Kabla ya kuwa msusi anayetegemewa na mtaa mzima, alikuwa mtoto aliyeamini mambo. Aliamini konokono anabeba nyumba mgongoni kwa sababu mwenye nyumba alimfukuza, naye kwa hasira akaondoka nayo. Aliamini sisimizi walio kwenye foleni wanakwenda kazini, na ukiwakatisha wanachelewa, wanakatwa mshahara, na watoto wao wanalala njaa kwa sababu yako. Kwa hiyo alikuwa akisimama mlangoni mkojo umembana, akisubiri foleni ipite, na foleni ya sisimizi haijawahi kupita ikaisha. Aliamini mende hafi. Ukimpiga kandambili anajilaza chali ili asikuaibishe, ukigeuka anaendelea na shughuli zake. Hilo la mende, hata leo ukimuuliza, hajalikana.

Mwalimu wake katika elimu hii alikuwa kaka yake, aliyemzidi umri kidogo na kujiamini sana. Kaka hakuwahi kusema "sijui". Akiulizwa jambo asilolijua alikuwa anaangalia juu, anavuta pumzi kama anayemhurumia muulizaji, kisha anatoa jibu refu.

Somo lake kubwa lilikuwa la chawa. Sisemi hawa wa siku hizi, wanaovaa suti na kumsifu bosi mpaka bosi mwenyewe anaona haya. Nasema yule wa zamani, mnyonge wa kichwani, asiyemsifu mtu. Kaka alitangaza kwamba chawa hanyonyi damu, na anayesema hivyo hajafanya utafiti. Chawa ananyonya mawazo. Akishashiba anahamia kichwa cha jirani, na huko anayatema. Ndiyo maana watu wanaolala kitanda kimoja huishia kufanana akili.

Utafiti ulifanyika. Walilala wamegusanisha vichwa kwenye mto mmoja, na asubuhi yule mdogo, mtoto wa kike, akasema ameota mbwa. Kaka akasema hata yeye. Mbwa wa jirani alikuwa amebweka mpaka kunakucha, lakini mtafiti makini hapotezi muda na vitu vidogo kama hivyo.

Baada ya hapo kila kitu kilielezeka. Mama yao, aliyekuwa akifulia watu nguo, alikuwa anasahau alikoweka sabuni kwa sababu kichwa chake kilikuwa kisafi mno. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa na upara, chawa hana pa kushika, basi kila alichotaka kusema ilibidi kwanza akakisome kwenye kitabu. Na baba, ambaye alikuwa ameondoka, si kwa kufa, kwa kuondoka tu, alisahau njia ya kurudi kwa sababu alikuwa na mazoea ya kulala peke yake kwenye kochi.

Kisha mjomba akaja na wazo zuri. Watu wazima wakija na wazo zuri, ujue kuna mtoto atafunga mzigo. Mjomba aliishi mbali, mji wenye reli na shule za maana, na alikuwa tayari kumsomesha mmoja. Mama alilia, akashukuru, akapiga pasi shati la kaka.

Wakati pasi inapita, watoto wake walikuwa wamekaa kwenye kizingiti cha jikoni, vichwa vimebanana.

"Tulia," kaka alisema. "Usikune. Ukikuna unawachanganya."

"Wameshavuka?"

"Wengi tu. Wewe waza, wengine bado wanapakia."

"Na wewe unawaza?"

"Mimi nimeshamaliza kuwaza tangu mchana. Yangu yako kwako."

Yeye akafumba macho, akawaza kwa nguvu mpaka masikio yakapata moto. Kesho yake kaka akaondoka na mjomba, kichwa kikiwa kimejaa.

Haikuchukua muda mama akauona ule msafara kwenye nywele za binti. Akanunua dawa. Mtoto akaingia uvunguni, akashika mguu wa kitanda, akavutwa pamoja na kitanda.

"Mama, usiwaue. Kaka yumo humo."

Mama akaliacha chanuo hewani. Alibaki hivyo kidogo, mikono ikinuka sabuni ya watu, halafu akaendelea kuchana, palipogoma akanyoa, kwa sababu chawa ni chawa na kesho kuna shule. Mtoto alilia mpaka kwikwi. Jirani akamtuliza kwamba nywele zitaota tena, kama vile mtu alikuwa analilia nywele.

Akakua. Watu husema amekuwa msusi kwa kipaji. Mwenyewe anasema ni kwa kukosa ada, halafu anacheka. Saluni yake ni chumba kimoja chenye kioo kimoja, sinki la kuoshea ambalo maji yake huja yakijisikia, draya inayonuka nywele zilizoungua, na ukutani picha za wanawake ambao hakuna mteja aliyewahi kutoka akifanana nao. Anasuka rasta mpaka vidole vinakufa ganzi. Mama mwenye aibu akimpitisha mtoto mlango wa nyuma, anajua bila kuambiwa. Anamkalisha, anachanganya dawa, na kabla ya kumpaka anamwambia mtoto awaze kwanza kile asichotaka kukisahau, aseme akiwa tayari. Akina mama hudhani ni ujanja wa kumtuliza mtoto.

Na kaka? Kaka akawa fundi wa lifti katika miji mikubwa. Alikuwa anapiga simu mwaka mpya na palipokuwa na msiba. Mwaka ambao hakufa mtu, walizungumza mara moja. Mama alipofariki alikuja, akasimama na wanaume, akachimba, akala, akaondoka na gari la jioni. Ndugu wawili walipeana mkono kama watu wa ofisi moja.

Kwa hiyo kaka aliposema kwenye simu kwamba anakwenda kutengeneza lifti ya hoteli na gari litasimama hapo mjini saa chache, msusi hakulala vizuri. Alikuwa na swali moja. Mama hayupo, mjomba hayupo, nyumba ile ilibomolewa pakajengwa duka la vigae. Aliyebaki kushuhudia kwamba utoto ule ulikuwepo ni kaka peke yake. Kama anawakumbuka wale chawa, basi ana kaka. Kama hakumbuki, ana namba ya simu tu.

Kaka akaingia saluni mchana, begi la spana begani. Akavua kofia. Kichwa kilikuwa upara mtupu, unang'aa mpaka kioo kikaona wivu.

Kwenye kiti alikuwepo mteja wanayemwita Redio, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama imeona jini. Redio haizimwi.

"Shemeji, karibu," akasema. "Umekuja kusuka?"

"Nimekuja kumwona mdogo wangu."

"Afadhali. Maana hapo msusi angekula hela ya bure."

Kaka akacheka, akakaa kwenye stuli ya plastiki, akaangalia dari, soketi, feni. Fundi ni fundi. Akasema hiyo feni imelegea skrubu. Akapewa soda. Wakaulizana habari za watoto, za kazi, za afya, yale maswali ambayo jibu lake ni "nzuri" hata kama mtu amebeba mguu mkononi.

Msusi alikuwa nyuma ya kiti, anasuka haraka kuliko kawaida.

"Unanivuta," Redio akalalamika.

"Vumilia." Kisha, bila kuinua macho: "Kaka, unawakumbuka chawa wetu?"

"Chawa?"

"Wale wa kwenye mto. Wa kuhamisha mawazo."

Kaka akaangalia juu, akavuta pumzi. Msusi akasubiri jibu refu.

"Sikumbuki," akasema.

Hakuwahi kumsikia akisema neno hilo. Limekuja leo, kwa heshima, kwa sauti ya mtu mzima asiyetaka kudanganya. Akafunga ncha ya rasta, akaanza nyingine.

Kaka akaona kwamba amevunja kitu, asijue kipi. Akahangaika kutafuta cha kuweka mahali pake.

"Chawa ninaowakumbuka ni wa siku niliyofika kwa mjomba," akasema. "Mke wake hakuniruhusu hata kuingia. Alinikalisha nje kwenye ndoo, akanipaka mafuta ya taa, akaninyoa kwa wembe. Nililia, mdogo wangu. Nililia siku hiyo mpaka nikatapika. Walidhani wembe umenikata, wakatafuta kidonda kichwa kizima, hakuna. Walinicheka miaka. Mpaka leo sijui nilikuwa nalia nini."

Mikono ya msusi ikasimama.

"Mimi najua," akasema.

Akamweleza. Alianza na mbwa wa jirani, akaja kwenye kizingiti cha jikoni, pasi, vichwa vilivyobanana, usikune unawachanganya. Alisimulia akiwa anamwangalia kwenye kioo, kwa sababu uso kwa uso asingeweza. Kaka alisikiliza soda ikiwa mkononi.

Kaka akapitisha kiganja juu ya upara, kutoka paji la uso mpaka kisogoni, polepole, kama mtu anayepapasa meza gizani akitafuta kiberiti.

"Kwa hiyo nililia mawazo yako," akasema.

"Yalikuwa yangu."

"Yalikuwa mawazo gani?"

"Yapi?"

"Uliyonipakia. Ulikuwa unawaza nini?"

Msusi akafungua mdomo. Akakumbuka kizingiti, baridi yake, akakumbuka masikio kupata moto. Alichokuwa anakiwaza hakikuwepo. Miaka yote hiyo alikuwa amewatunza wabebaji, mzigo wenyewe umemponyoka.

"Sijui," akasema. "Labda chakula."

"Aliwaza chakula," Redio akakubali. "Mtoto mwingine angewaza nini?"

Wakacheka wote watatu, kaka akicheka huku anapangusa macho kwa kofia. Kisha saa ikamwita. Akapanda stuli, akakaza ile skrubu ya feni, akabeba begi. Mlangoni hakutoa mkono. Alimvuta mdogo wake, akagusanisha upara wake na kichwa chake chenye kilemba, wakakaa hivyo mpaka Redio akakohoa.

Gari halijafika hata mji wa pili, simu ikaita.

"Umekumbuka?"

"Bado."

"Jitahidi. Ni mali yangu hiyo, niliibeba mimi."

Tangu hapo anapiga. Anapiga akiwa juu ya lifti iliyokwama, watu wamo ndani wanagonga, yeye anauliza kama amekumbuka. Halafu wanazungumza mengine: magoti, watoto, bei ya rasta, jinsi mama alivyokuwa akipiga chafya. Hakuna msiba na bado anapiga.

Msusi alikumbuka siku ya kawaida tu, anaosha kichwa cha mtoto wa watu, maji ya vuguvugu yanamtiririka viganjani. Yakaja yote kwa mpangilio. Ukishuka kituoni usivuke barabara. Fuata ukuta. Kwa fundi viatu kata kushoto. Kuna mbwa, usikimbie, anabweka tu. Hesabu milango, wa kwetu una bati lililopinda chini. Sukuma kwa bega.

Alikuwa anawaza njia ya kurudi nyumbani, hatua kwa hatua, ili kaka asije akaisahau kama baba.

Alifunga bomba, akamfunika mtoto taulo, akakaa. Simu ikaita hapohapo kwenye mfuko wa aproni, na mikono ilikuwa na povu.

"Mdogo wangu. Umekumbuka?"

Akamtazama mtoto aliyefunikwa taulo.

"Bado, kaka."

"Haya. Basi nitapiga Jumapili."

"Piga," akasema.