Cherehani Bila Uzi

Leo nimetia mafuta cherehani yangu hapa ugenini, mtaa wa Yeoville, na harufu yake ikanirudisha kwetu. Serikali ilikuwa imekataza watu kusali majumbani. Mama alikuwa akikanyaga cherehani tupu, bila uzi, ili mlio wake ufunike sauti yake akisali rozari.

Siku moja mjumbe wa chama alikaa mlangoni akisubiri suruali yake.

“Mama, mbona leo umetia uzi?” nikauliza.

Mjumbe akatabasamu. “Kwani siku nyingine hatii, mwanangu?”

Nikamjibu ukweli, kama mama alivyonifundisha. Kesho yake askari wakaja kumchukua mama.

Hapa watu wanasali kwa vipaza sauti mpaka jioni, na hakuna anayewakamata. Mimi nikitaka kusali, nachomoa uzi kwanza.