Maua ya Shamba la Chini

Lile ua dogo la zambarau nililiona asubuhi, limelala chini kabisa katikati ya mistari ya mahindi. Ng'ambo ya mfereji kuna shamba lililotelekezwa, mchanga mtupu wenye unga mweupe, na hakuna kinachoota humo isipokuwa maua hayo hayo, yametambaa kama mkeka. Yakiwa kwa jirani niliyaona mazuri. Yesu na Maria, sasa yako kwangu!

Kwetu Kibosho, mtoto wa kwanza hukatiwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, na kitindamimba hubaki na nyumba ya wazee. Sisi wa katikati tutajiju. Baba akajinyima, akanipa hili shamba la tambarare, chini ya Moshi. Ndipo nilipojenga, na ndipo wanangu wanapokula.

Nikafanya anachokijua mtu wa mlimani: nikafungulia maji. Kwetu mgomba ukilegea unaupa maji, basi. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Jua likipiga, udongo unakauka na kuacha unga mweupe, na maua yanaongezeka. Mahindi yakaungua ncha. Mke wangu akachota ule unga kwa kidole, akalamba.

"Chumvi," akasema. "Baba watoto, tunaipandisha wenyewe kwa haya maji."

Toka hapo nikawa naogopa hata kufungua mlango wa nyuma, unaotazama shamba.

Jumapili baba alishuka baada ya misa, amebeba miche ya isale. Isale kwetu hupandwa mpakani, kuonyesha kwamba shamba sasa ni lako. Jani lake pia hupelekewa mtu uliyemkosea, kumwomba msamaha, na ukiletewa huwezi kukataa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikampeleka shambani. Kugombezwa ningevumilia; niliogopa kumwona anajua shamba alilonipa limekuwaje. Akasimama penye maua, akapiga magoti taratibu, akaonja udongo. Akatema.

Nikangoja achimbe shimo la mpaka. Hakuchimba. Alichomoa jani moja la isale, akalipiga fundo, akaninyooshea kwa mikono miwili. Baba yangu mzazi, magoti yamejaa chumvi.

Mikono yangu iligoma. Nikilipokea, shamba limekufa kweli.

Nikalipokea.