Kahawa Niliyomng'olesha Mzee Muli

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa bustani ya mbegu alinisimamisha katikati ya safu mbili za mikahawa, akaniuliza zinatofautiana vipi. Mimi niliona kijani tu.

"Tazama ncha," akasema. Majani machanga ya safu moja yalikuwa na rangi ya shaba. Ya safu nyingine yalikuwa ya kijani, mapana. "Hiyo ya shaba ni SL34. Inatokana na kahawa iliyoletwa na wamisionari Wafaransa, na inataka mvua nyingi. Hii ni SL28. Asili yake Tanganyika, ikachaguliwa kwa sababu inavumilia jua. Mizizi yake inaenda chini sana. Ukizichanganya, mkulima atalia na wewe utakuwa unakula mshahara."

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa milima ya Machakos niwe afisa wa ugani, yaani mtu wa kuwatembelea wakulima na kuwashauri. Sikutaka. Nilikuwa nimemwacha mtoto mdogo na mume wangu Makongeni jijini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na kila Ijumaa nilitazama saa kuanzia asubuhi. Wakati huo ugonjwa wa kuozesha buni changa ulikuwa umeenea, na aina mpya isiyoshikwa nao ilikuwa imetoka. Mkuu wangu, afisa wa kilimo wa wilaya, alituagiza mikahawa ya zamani ing'olewe yote.

"Atakayemaliza eneo lake kwanza nitamwandikia barua ya uhamisho," akasema, akiniangalia mimi.

Mzee Muli alikuwa na SL28 alizoachiwa na babake, kwenye mteremko mkavu wenye mawe. Alinipa chai, kisha akaniuliza mbele ya mkewe, Mama Ndunge, "Madam, hili shamba lingekuwa lako, kahawa hii ungeing'oa?"

Jibu nililijua. Mche mpya wa kuoteshwa kwa mbegu una mizizi mifupi, pale ungekauka. Nilijua pia kwamba angeweza kuikata mikahawa yake na kuibebesha, yaani kupachika kikonyo cha aina mpya juu ya shina la zamani, apate kinga na mizizi mirefu kwa pamoja. Lakini kubebesha shamba zima kungechukua misimu, nami nilitaka kurudi nyumbani.

"Ningeing'oa," nikasema.

Akang'oa, akapanda miche mipya. Barua yangu ikaja. Kiangazi nacho kikaja, na mwenzangu mmoja akaniambia shambani kwake hakukubaki mche hata mmoja. Nikapanga kwenda kumwona Mzee Muli, nikaahirisha, nikaahirisha tena, hadi nikastaafu.

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Mbotela. Kukaa tu kulinishinda. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikapanga upya madaftari ya shamba ambayo hakuna aliyeyataka. Ndipo Jumapili moja, tukitoka kanisani, mwanamke anayeuza nguo Kayole akanishika mkono.

"Auntie, si ni wewe ulikuwa unakuja kwetu? Mimi ni Ndunge, wa Mzee Muli." Babake alishafariki, akasema, na yeye alitaka kurudisha kahawa shambani. "Baba alikuwa anasema wewe ulijaribu, ni jua tu."

Nilimweleza yote pale pale kwenye ngazi. Aliachia mkono wangu.

"Hayo usiniambie mimi. Jumamosi twende ukamwambie mama."

Mama Ndunge alinisikiliza akichambua maharagwe, vidole havikusimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na yeye alikuwa anakuombea."

Nikainuka niondoke. "Kaa," akasema. "Sasa sema tupande gani."

Nilikuwa na jibu la madaftarini. Lakini mvua ya huko siku hizi si ile niliyoizoea.

"Sijui, mama," nikasema. "Tupande safu chache za SL28 na chache zilizobebeshwa, tuone."

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kumwambia mkulima kwamba sijui. Ninyi mnaoingia kazi hii jifunzeni ncha, jifunzeni mizizi. Na mkiulizwa mngefanya nini, jibuni kama wenye shamba.

Miche ina msimu mmoja sasa. Kila asubuhi, kabla ya chai, natoka nje hapa Mbotela kutazama mawingu ya upande wa Machakos, kisha nampigia Mama Ndunge simu kumuuliza kama yamefika.