Niliambiwa nipasuliwe kiganja kwa sababu ya ganzi, ukoo ukauliza nani atamenya ndizi

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Juzi kuna dada kaleta uzi hapa. Kaambiwa hospitali ana carpal tunnel, ile ganzi ya vidole, anatakiwa apasuliwe kiganja, anaogopa. Nimesoma majibu yenu yote. Mmoja kamwambia apake mafuta ya nyonyo, mwingine kamwambia aokoke.

Nikaona nifungue uzi wangu, maana mimi hicho kiganja nimepasuliwa.

Nitasema yaliyonipata tu. Chumvi siongezi, presha yenyewe hainiruhusu.

Ni miaka ya tisini mwanzoni. Mimi mzaliwa wa Kyerwa, enzi hizo Kyerwa haijawa wilaya, wote tulikuwa Karagwe. Nikaolewa Kituntu. Mume wangu, Baba Eva, alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu mpole, wa kanisani, maneno machache. Nyumba yetu na ya mama yake zilikuwa kwenye shamba moja, na tulikula chungu kimoja.

Kwa wasiokujua kwetu: chakula ni ndizi. Vingine vyote ni vya kupitisha muda.

Na ndizi haijimenyi. Inamenywa na mwanamke, kwa kisu kidogo, asubuhi kwa ajili ya mchana, jioni kwa ajili ya usiku. Msimu wa kahawa wanaongezeka vibarua wa kuchuma, nao wana matumbo.

Mwanaume kumenya ndizi, miaka ile, haikuwa dhambi. Ilikuwa tu haijawahi kuonekana.

Ganzi ilianza nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, Deo. Wakasema ni mimba. Nikajifungua, mimba ikaondoka, ganzi ikabaki.

Ilikamata mkono wa kulia: dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Usiku ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Naamka vidole vinawaka moto, naukung'uta mkono kama mtu aliyenawa akakosa kitambaa. Kidole cha mwisho kilikuwa kizima kabisa, lakini kidole cha mwisho nacho kina kazi gani?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vyangu vilikuwa vitatu na havikuvunja.

Nikatibiwa kienyeji. Nikakandwa kwa samli. Nikapelekwa kwa mzee mmoja upande wa Kiruruma, akanichanja chale kwa wembe kwenye kifundo cha mkono, akapaka dawa nyeusi. Nikarudi tena akachanja juu ya zile za kwanza. Hakuna mtu nyumbani aliyeogopa ule wembe. Naomba mlikumbuke hilo mbele ya safari.

Sasa msiba.

Alifariki mama wa jirani yetu. Kwetu msiba ukitokea, wanawake wa jirani mnakaa kwenye majani, mikungu inashushwa katikati yenu, mnamenya. Pale ndipo pa kuonyesha kuwa wewe ni mtu wa watu. Kulia unaweza kulia kidogo tu, lakini kumenya lazima umenye.

Nikamenya na wenzangu, naongea, sina habari. Mara naona wanawake wamenyamaza. Maji ya kwenye beseni yamekuwa mekundu.

Nilikuwa nimejikata kidole cha shahada na naendelea kumenya. Sikusikia chochote.

Mama mmoja akaniuliza, "Mama Eva, hata huumii?"

Nikamjibu kweli, "Siumii."

Lile jibu ndilo liliharibu kabisa. Damu kwenye chakula cha msiba, na mwenye damu anasema haumii. Beseni zima likamwagwa. Nikaambiwa kwa upole sana nikapumzike na wageni.

Wakuu, kwetu kuambiwa ukapumzike kwenye msiba wa jirani ni afadhali utukanwe. Nilikaa kwenye benchi na wageni waliotoka mbali, nimefungwa kitambaa kidoleni, nikaona aibu mpaka nikatamani maiti ningekuwa mimi. Msiba uliofuata, kabla sijakaa, nikapewa ndoo nikachote maji.

Hapo ndipo nikamwambia Baba Eva twende hospitali.

Tukaenda hospitali ya misheni. Daktari alikuwa kijana, si mwenyeji, Kiswahili chake kimenyooka. Akanigonga kwenye kifundo cha mkono, nikasikia umeme hadi vidoleni. Akaeleza kuwa pale kifundoni kuna njia nyembamba, mshipa wa fahamu unapita humo, na njia imeubana. Akanifunga kibao kifundoni, cha kulala nacho usiku, akasema turudi baada ya muda.

Kibao kilisaidia kidogo, halafu kikaacha.

Tuliporudi akaangalia nyama ya chini ya dole gumba. Ilikuwa imeanza kubonyea. Akasema sasa ni kupasua, tena mapema. Nikingoja, dole gumba litakufa nguvu, na nguvu ikishakufa hana dawa ya kuirudisha.

Akasema ni kazi ndogo, sitalazwa usingizi, atanichoma sindano ya ganzi tu. Nikamwambia ganzi ninayo. Hakucheka.

Baba Eva alikuwa anasikiliza vizuri tu mpaka daktari alipofika kwenye sharti: baada ya operesheni, mkono usifanye kazi ya nguvu kwa wiki kadhaa.

Baba Eva akauliza, "Hata kumenya ndizi?"

"Hasa kumenya ndizi."

Akafikiri. Akauliza, "Daktari, vidonge havipo kweli?"

Tukarudi nyumbani, ukoo ukakaa. Baba mkubwa wa mume wangu akasema kifundo kina mishipa ya damu, wakikikata mkono unakauka. Shemeji akamtaja mtu wa Omurushaka aliyepasuliwa mkono akarudi bila mkono. Nikasema yule alikuwa na kidonda kilichooza. Akasema ndivyo wanavyoanza. Mama mkwe akasema, "Waitu, mwanangu, mkono wa Mungu haukatwi."

Nikatazama zile chale zangu.

Neno ndizi halikutajwa na mtu. Ila mwishoni, watu wakishasimama, baba mkubwa akauliza kwa sauti ya chini, kwamba tuseme amepasuliwa, mtakula nini? Mtu mmoja akasema ugali. Wote wakamtazama. Kikao kikaisha na uamuzi kwamba tungoje.

Ukoo ulikubali ganzi kuliko ugali.

Nami nikangoja. Sitaki kujifanya shujaa hapa. Niliogopa kisu, niliogopa kurudi na mkono wa mapambo, niliogopa kuwa mke anayelishwa. Mke asiyemenya kwetu ni nani?

Basi asubuhi moja namwogesha Deo uani, nimemshika kwapa kwa mkono wa kulia. Nilidhani nimemshika. Akateleza kama sabuni, akaangukia ukingo wa beseni kwa kichwa.

Alilia, na kulia kwake kukaniokoa, maana kwa sekunde ile kabla hajalia nilikwisha kufa. Alivimba paji la uso, basi. Lakini nilikaa chini kwenye matope nikalia kuliko yeye. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa umenidanganya kwamba una mtoto.

Mama mkwe akatoka kwake. Akamchukua Deo, akamfunga mgongoni, akasimama pale muda. Nikajua nasemwa.

Akakaa kando yangu, akaweka mkono wake wa kulia juu ya paja langu, kiganja juu.

Wakuu, chini ya dole gumba hapakuwa na nyama. Palikuwa na shimo. Ngozi na mfupa.

Akasema, "Mimi wangu ulikufa zamani, Baba Eva akiwa mdogo. Na wa mama yangu ulikuwa hivi. Tulijua ndivyo mikono ya wanawake inavyozeeka."

Ndipo nikang'amua kwamba tangu niolewe sijawahi kumwona yule mama akishika kisu. Nilidhani ni raha za ukwe. Kumbe alikuwa hawezi, na alinisubiri mimi nije.

Nikamuuliza kwa nini basi alikataa kwenye kikao.

Akasema, "Niliogopa wakikupasua ukapona."

Sikumuelewa siku ile. Baadaye nilimuelewa: mimi nikipona, ina maana na yeye angeweza kupona, miaka yote ile.

Jioni akamwita mwanawe. Akamwambia, "Mkeo anakwenda hospitali. Kaa chini nikufundishe."

Baba Eva akafunga mlango kwanza. Halafu akakaa chini.

Nikapasuliwa. Kwa aliyeuliza maumivu kwenye uzi ule: sindano inauma, kisu hukisikii, unasikia tu kama mtu anavuta uzi kwenye nguo uliyovaa. Usiku ule ule vidole viliacha kuwaka. Ncha ya kidole cha shahada mpaka leo ina ganzi kidogo, na nguvu ya kukamua nguo nzito haikurudi yote. Nasema ili msije mkasema nimewauzia maneno. Ila vifungo vya shati nafunga, kisu nashika, na watoto niliozaa baada ya Deo sikuangusha hata mmoja.

Baba Eva alimenya wiki zote zile, mlango umefungwa. Alimenya nene, nusu ya ndizi ilikwenda na maganda, na mbuzi wetu hawajawahi kunenepa vile. Siku jirani alipokuja kuomba moto na kusukuma mlango bila hodi, alimkuta kakaa kwenye majani, utomvu mpaka viwikoni. Jirani akasema samahani, akarudishia mlango. Mpaka Jumapili kanisa zima linajua. Baba Eva alisali rozari yake kama kawaida, vidole vyeusi tii.

Mkono wangu ulipopona, mama mkwe akaniambia nimpeleke na yeye.

Daktari alimwambia ukweli: nyama ile hairudi, nguvu hairudi, atapunguza maumivu ya usiku tu. Baba mkubwa akasema sasa kizee kinapasuliwa cha nini. Mama mkwe akasema ni mkono wake. Akapasuliwa.

Alipotolewa nyuzi na kurudi nyumbani kwake, asubuhi moja jua lilipanda hakuonekana. Yule mama alikuwa anatuamsha sisi, majogoo walikuwa wanamfuata yeye. Tukasimama mlangoni kwake, mimi na Baba Eva, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kugonga. Baba Eva alikwisha vua kofia.

Mlango ukafunguka. Akatutazama, alama za mkeka shavuni.

Akauliza, "Kumbe nyie usiku huwa mnalala?"

Miaka yote alidhani kila mtu huamka akakung'uta mikono gizani, ila hatusemi tu.

Dada wa uzi ule, funzo langu ni hilo. Ganzi si uzee na si mkosi. Nenda kapimwe mapema, uliza maswali yote, na ukiambiwa ni kisu, amua wewe mwenye mkono. Wanaokukataza waulize kwanza nani anamenya.

Karibuni mchangie, hata wa mafuta ya nyonyo. Ila kabla hujaandika, kama mama yako yupo, mpigie umuulize analalaje.