Nilivyomsahihishia Auntie Kamla hadithi yake ya Lahore

Wakuu, habari za humu. Hili lilinitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, maana lilivyo tu linanitosha kuaibika.

Mnaonifahamu mnajua nimejitengeneza mwenyewe. Nimerudi Morogoro, nina nyumba, nina stationery yenye mashine nne. Yote yalianzia Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na diploma ya uhazili kwenye bahasha ya plastiki. Nilimwonyesha hata aliyeniuliza saa.

Nilikaa mtaa wa Albert Park, flat moja na Papa Musafiri, Mkongo wa Bukavu aliyekimbia vita akafungua saluni.

Kazi ya kuchapa nikapata mtaa wa Umbilo, kwa mama mmoja wa Kihindi, Auntie Kamla, karibu miaka sabini. Alikuwa mwandishi, na mtoto wa jicho alikuwa anammaliza. Alitaka hadithi yake ya mwisho ichapwe kabla hajapofuka, isomwe kwenye ukumbi wa jumuiya yao kule Isipingo.

Ilihusu Lahore, alikozaliwa, mwaka India ilipogawanywa ikazaliwa Pakistan. Majirani wa dini tofauti wakageukiana, pande zote mbili za mpaka.

Binti wa Kihindu na mama yake wanafichwa na jirani Mwislamu, fundi viatu, kwenye stoo yake. Siku ya nne anawasindikiza stesheni. Lakini kabla hawajatoka, fundi huyohuyo anabeba cherehani ya mama na kuiingiza kwake.

Nikaguna. Mhusika gani huyu? Mwema ni mwema bwana. Nikadhani uzee umemchanganya. Na kwa kuwa ilikuwa hadithi ya kubuni, hata majina kabadilisha, nikaona ruksa.

Nikatengeneza wanaume wawili. Fundi viatu mwema, na muuza nyama mwizi mwenye kovu shavuni. Kovu lile nilijivunia sana.

Halafu, kwa kuwa chuoni tulifundishwa ukipata nakala safi rasimu inachanwa, nikachana kurasa zote alizoandika kwa mkono. Professional kabisa.

Siku ya ukumbi mwalimu mmoja akasoma. Mimi mstari wa mbele, tai shingoni. Watu walipiga makofi, nami nikayapokea kimoyomoyo kama yangu.

Auntie hakupiga.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Mwanangu, yule mwenye kovu ni nani?"

Nikamweleza, bado nikiwa na fahari. Akaomba kurasa zake. Nikasema nilizichana.

Akakaa kwenye ngazi za ukumbi, na sari yake nzuri. "Nilikuwa na miaka kumi na saba," akasema. "Maisha yangu yote nimejaribu kumchukia yule mtu, au kumshukuru. Vyote vimenishinda. Ndiyo maana nilimwandika."

Nikarudi nyumbani kutafuta mtu wa kunitetea. Papa Musafiri alikuwa anaosha vitana vya saluni, wala hakuacha.

"Jirani yetu ya Bukavu alitufichaka siku tatu," akasema. "Kisha nikamuona amevaa koti ya baba. Weye ungeandika batu babili? Ni mutu mumoja, ndugu."

Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Auntie. Alinifungulia, akakaa, akaanza kunisomea kutoka kichwani. Wiki tatu. Kuna sehemu hazikurudi. Alikuwa ameandika vizuri sana kuhusu harufu ya ngozi kwenye ile stoo. Alitafuta maneno yale, akayakosa, akasema, "Ruka."

Tulipofika kwenye cherehani, vidole viliniwasha niongeze kwamba fundi aliona aibu. Sikuongeza.

"Umeandika tu kwamba aliibeba?"

"Ndiyo, Auntie."

"Na kwamba alitufungia chapati za njiani?"

"Ndiyo."

"Basi huyo ndiye."

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba mchapaji kazi yake kuchapa. Na mtu akikwambia hadithi yake ni ya kubuni, usidhani ni ya kuchezea.

Mwenye jirani wa namna hii amlete hapa chini, mzimamzima, asimkate vipande. Na mnaotaka kuniita mjinga, karibuni pia, ila foleni ni ndefu na Papa Musafiri yuko mbele yenu.