Niliikata fimbo ya arthi, lawama akabebeshwa mume wa marehemu

Admin, naomba unifichie jina. Nimemkosea mtu, na mtu huyo mpaka leo tukikutana barabarani ananisalimia vizuri na kunishukuru. Hicho ndicho kinanimaliza.

Mimi ni mwanaume wa miaka 48, nina mke na watoto wanne, naishi Biharamulo upande wa Nyakahura. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma chuo cha ufundi, kazi yangu ni kuweka umeme majumbani. Kazi nyingi napata Ngara. Miaka miwili iliyopita niliitwa Mabawe kwa jamaa mmoja, nimwite Baba Devota. Mke wake alitaka kuuza soda na maji baridi pale nyumbani.

Kila nyumba yenye umeme lazima iwe na fimbo ya arthi. Ni fimbo ndefu ya shaba inazamishwa chini yote, ili kifaa kikivuja umeme, ule umeme ukimbilie ardhini na swichi kubwa ijikate yenyewe. Sasa pale kwake chini ni mawe matupu. Nikapiga nyundo, fimbo ikaingia kama urefu wa mkono mpaka kiwiko, ikagoma. Ningeweza kuhamia shambani kwenye udongo laini, lakini ni kuchimba mtaro na kuvuta waya mrefu, na jua lilikuwa kali. Nikachukua msumeno wa chuma nikaikata. Nikafunga waya kwenye kichwa cha fimbo, nikamwagia zege kidogo ionekane imesimama.

Kwenye fomu ya kuombea kuunganishiwa umeme kuna sehemu ya kujaza kipimo cha arthi. Sikupima. Nilijaza namba ya nyumba niliyofanya jana yake. Mkandarasi mwenye leseni ninayefanya kazi chini yake aligonga muhuri mezani kwake bila kufika, ndivyo tulivyozoea. Mkaguzi wa umeme alipokuja aliona kichwa cha fimbo na waya umefungwa, akasaini. Yeye simlaumu, nilichomficha kilikuwa chini ya udongo.

Baba Devota akanunua friji lililotumika kutoka Kahama. Baada ya miezi kadhaa nilipita pale, mke wake akaniita huku anacheka.

"Shikamoo fundi. Hili friji lina wivu, nikiligusa tu linaniuma!"

Nikamwambia, "Marahaba. Linakutania hilo, Mama Devota. Ni unyevu tu, we vaa kandambili."

"Kwa hiyo nivae viatu ndani ya nyumba yangu kama mgeni?"

Tukacheka wote. Akanipa soda nikanywa, nikaondoka. Ndugu zangu, nilijua. Friji likitekenya maana yake arthi haifanyi kazi. Nilijua na nikapanda pikipiki yangu nikaenda.

Masika yaliyopita alikuwa anadeki asubuhi, miguu mitupu, maji sakafuni. Akashika mlango wa friji. Devota, binti yao wa miaka kumi na tatu, ndiye aliyemkuta.

Iliandikwa ajali ya umeme, tukazika. Baada ya mazishi ndugu wa marehemu kutoka Ntobeye wakakaa kikao palepale nyumbani, na mimi nilikuwepo. Baba yake marehemu akanigeukia mbele ya watu wote.

"Fundi, sisi hatujui mambo haya. Wewe ndiye umesomea. Nini kimemuua mtoto wetu?"

Nikasema, "Ni friji, mzee. Lilikuwa bovu."

Mjomba wa marehemu akasimama akamnyooshea kidole Baba Devota. "Si tulikwambia! Unaenda kuokota vyuma vya watu huko, unamletea binti yetu! Ungeoa friji basi!"

Baba Devota hakujitetea. Alisema tu, "Fundi kasema. Basi ni mimi."

Siku hiyohiyo watoto wote watatu wakachukuliwa kupelekwa Ntobeye kwa bibi yao. Nimeambiwa Devota hataki hata kupokea simu ya baba yake. Anasema hawezi kuongea na mtu aliyemuua mama yake. Baba Devota alilivunjavunja lile friji kwa shoka. Siku hizi analima peke yake. Mwezi uliopita tulikutana akanishika mkono akasema, "Asante fundi, wewe ulimwambia avae kandambili. Mimi ndiye sikusimamia."

Friji lilikuwa linavuja kweli, siwezi kukataa. Lakini arthi ipo kwa ajili ya siku hiyohiyo ambayo kifaa kinavuja. Ningeizamisha inavyotakiwa, swichi ingejikata na yule mama angekuwa anauza soda zake leo.

Nyumba nyingine nne nilizofanya hivyohivyo nimezirudia zote, nikadai napita kukagua. Nimezamisha fimbo nzima na nikapima kweli. Wakanipikia, wakaniita fundi mwenye upendo. Mke wangu nimemwambia ukweli, akalia, akasema, "Nyamaza, Baba. Ukifungwa nani atatulea hapa? Marehemu hafufuki." Ni kweli hafufuki. Ila yule mtoto yuko hai na baba yake yuko hai, na uongo wangu ndio umekaa katikati yao.

Naombeni mawazo yenu, hata matusi nitayasoma. Ningekuwa ndugu yenu mngenituma nianzie wapi, polisi au kwa wazee wa marehemu? Nikiwatokea peke yangu naogopa watanipiga, nikitanguliza polisi naogopa Devota atayasikia kwa watu wengine na si kwa mdomo wangu.

Kama mpango wangu una kasoro semeni mapema, maana kwenda nitakwenda. Jumamosi hii kabla ya saa sita mchana nitakuwa Ntobeye, na Baba Devota nitapita kumchukua, njiani nimwambie yeye kwanza. Nitasimama mbele ya wazee walewale walioniuliza, nitaomba Devota aitwe asikie, niseme friji halikuwa jibu, aliyemuua mama yake ni mimi. Wakishamaliza na mimi, nitakwenda kituoni kuandikisha maelezo.